Vijiti Kumi na Vitatu

Kila asubuhi, kabla jua halijachungulia juu ya milima ya Matogoro, Anjelika alikuwa ameshamaliza kazi tatu. Alifagia uwanja, akaosha vyombo vya jana, kisha akajaza maji kwenye kibuyu chirizi kilichoning'inia karibu na mlango wa choo. Kilikuwa dumu dogo la njano lililofungwa kamba. Ukikanyaga kijiti chini, maji yanachirizika, unanawa bila kushika kitu. Mwezi wa saba Songea huwa na baridi ya kuingia mifupani, na maji yale yalimkata vidole kama wembe. Hata hivyo alinawa kwa sabuni, akarudia tena, mpaka mama yake alipoacha kumtazama.

Mama yake, Tabu, alikuwa mpukuchuaji wa mahindi ya watu. Wenye magunia walimletea pale mtaani Bombambili, naye akapukuchua kutwa nzima uwanjani, mavumbi ya mahindi yakimpaka nywele kama mvi. Baba yake Anjelika alikuwa kibarua kwenye mashamba ya korosho Tunduru, na alirudi kwa nadra. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa ya watu wawili, na kati ya hao wawili, mmoja alikuwa na hofu kubwa na mwingine alikuwa akijifunza kuwa nayo.

"Barakoa unayo?" Mama aliuliza mlangoni. "Usishikane mikono na watu. Usinywe kwenye kikombe cha mtu. Mtu akikohoa, ondoka."

Maneno hayo aliyasema kila siku, kwa mpangilio uleule. Safari hii alipofika kwenye neno kukohoa, alikohoa yeye mwenyewe. Kilikuwa kikohozi kifupi, kikavu. Anjelika alisimama kama aliyeitwa. Mama akamwambia aende, atachelewa, ni vumbi tu. Anjelika akaenda, lakini mpaka anafika shuleni masikio yake yalikuwa bado yamebaki nyumbani.

Shule zilikuwa zimefunguliwa wiki tatu zilizopita, baada ya kufungwa tangu mwezi wa tatu kwa sababu ya korona. Wanafunzi wa darasa la saba ndio waliokuwa na haraka kuliko wote, maana mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ulikuwa mwezi wa kumi. Mwalimu Hironimus, aliyefundisha Hisabati, alikuwa akikimbiza masomo kama mtu anayeanua nguo mvua imeshaanza kudondoka.

Asubuhi hiyo aliandika ubaoni: Basi liliondoka Songea na abiria 38. Lilipofika Namtumbo walishuka abiria 9, wakapanda 17. Je, liliendelea na safari likiwa na abiria wangapi?

"Hii ni ya kupasha moto tu," alisema. "Anjelika, njoo umalize haraka, twende kwenye sehemu na asilimia."

Alimwita Anjelika kwa sababu alimkumbuka. Mwaka uliopita, darasa la sita, hapakuwa na aliyemfikia kwa hesabu za kichwa. Lakini Anjelika aliposimama mbele ya ubao na kushika chaki, hakuziona namba. Aliliona basi. Aliwaona watu wakipanda. Wakapanda mmoja mmoja, kila mmoja akikohoa, na wa mwisho kwenye foleni alikuwa amevaa kanga ya mama yake, nywele zimejaa vumbi la mahindi. Mkono ukagoma. Chaki ikavunjika vipande viwili.

Nyuma ya darasa, Tomasi akatoa sauti nzito kama ya mtangazaji. "Mwalimu, huyo ana korona ya hesabu. Tukae mbali naye mita moja."

Darasa likacheka. Sabra, jirani na rafiki yake Anjelika, akamgeukia Tomasi akamuuliza yeye zile alama sita alizopata juzi alitibiwa wapi, wakacheka tena. Mwalimu Hironimus hakucheka. Alimwambia Anjelika arudi kukaa, na kwamba uvivu wa miezi mitatu nyumbani hautoki kwa siku moja, unatoka kwa kujitahidi. Anjelika alikaa. Haukuwa uvivu, lakini jina la kitu chenyewe hakulijua.

Kitu chenyewe kilianzia jikoni.

Shule zilipofungwa, Mama Anjelika alikaa na redio kama mtu anayeuguza mgonjwa. Kila ilipotaja idadi ya walioambukizwa, hapa nchini au nchi za watu, alimwita binti yake aandike kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni uliopakwa udongo mweupe. Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba miaka mingi iliyopita, na namba kubwa zilimchanganya. "Andika, mama, nisije nikasahau," alimwambia mtoto wake. "Halafu niambie zimeongezeka ngapi." Anjelika akaandika, akatoa ndogo kwenye kubwa, akamwambia mama yake zimeongezeka ngapi. Kila alipopata jibu sahihi, aliona uso wa mama yake ukisinyaa. Mtoto aliyezoea kusifiwa kwa jibu sahihi akaanza kuliogopa.

Redio ilipoacha kutaja idadi, hofu ya Mama haikuacha. Ilihamia mtaani. Akisikia mtu ana homa au kikohozi, alisema tu, "Andika na huyo." Anjelika akachora kijiti kimoja kwa mkaa, na chini yake herufi ya kwanza ya jina. Mzee Yohanes, fundi baiskeli wa njia panda: kijiti, Y. Mwanahawa, mshona nguo: kijiti, M. Jordan wa bodaboda. Hassani muuza dagaa. Mama yake Sabra. Hakuna aliyewapima watu hao, wala hakuna aliyejua wanaumwa nini. Ilitosha kwamba walikohoa. Vijiti vikafika kumi na viwili.

Halafu Mjomba Romanus akapiga simu kutoka kijijini Hanga, kwamba Bibi ana kifua.

Bibi huyo, mzaa mama, ndiye aliyemlea Anjelika mpaka alipoanza shule. Na Bibi alikuwa na mwiko mmoja. Siku moja, Anjelika akiwa na miaka mitano, alisimama uwanjani kule Hanga akawanyooshea kidole wageni waliokaa kwenye mkeka, akiwahesabu: mmoja, wawili, watatu. Bibi akaja taratibu, akakikunja kile kidole ndani ya kiganja chake, akakishikilia hapo.

"Kuku hesabu," alimwambia. "Magunia hesabu. Watu hawahesabiwi hivyo, mjukuu wangu. Ukimhesabu mtu unamwita."

Unamwita wapi, Bibi hakusema. Anjelika naye hakuuliza, lakini neno lile halikumtoka.

Ndiyo maana siku ile ya simu, Mama aliposema aandike na Bibi, Anjelika alisimama na mkaa mkononi muda mrefu. Alitaka kusema hapana. Lakini Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, kichwa ameshika kwa mikono miwili, na huwezi kumkatalia mtu aliyekaa vile. Akachora kijiti cha kumi na tatu. Chini yake akaandika B.

Siku ya tisa, Mjomba Romanus akapiga tena. Alimwambia dada yake asihangaike kuja, mazishi ni ya watu wachache. Mama alilia kutwa nzima jikoni, akachemsha majani ya mikaratusi, akajifunika blanketi pamoja na mwanawe wakajifukiza mpaka macho yakawa mekundu. Hanga si mbali, lakini hawakwenda. Mama aliogopa gari, akaogopa watu, akaogopa hata kwenda kumuaga mama yake mzazi. Na Anjelika, chini ya blanketi lile, katika mvuke ule, alikuwa na jambo moja tu kichwani: nilimhesabu.

Tangu siku hiyo hakuandika tena ukutani, na Mama naye hakumwambia aandike. Vijiti vikabaki pale, kumi na vitatu. Kisha baridi ikaingia, magunia ya mahindi yakaja, na Mama akaanza kukohoa.

Sasa mnaelewa kwa nini mkono ulikuwa ukigoma. Kila namba iliyofuata ilikuwa ya kumi na nne.

Mwezi wa nane wakafanya mtihani wa majaribio. Masomo mengine Anjelika alifanya vizuri. Hisabati alipata sita kati ya hamsini, na sita zenyewe zilitoka kwenye maswali ya kuchagua mchoro. Karatasi ilitakiwa iende nyumbani ikasainiwe na mzazi. Anjelika aliikunja mara nne, akaisokomeza ndani ya gunia la magunzi, yale mabaki ya mahindi yaliyopukuchuliwa ambayo Mama huwashia moto. Kwa mwalimu alisema mama yake amesafiri. Kwa mama yake alisema matokeo ya Hisabati bado.

Uongo huo uliishi siku nne. Siku ya tano Mama alichota magunzi, akayatia jikoni, na kabla hajapuliza akaona karatasi inaanza kubadilika rangi pembeni. Akaichomoa, akaizima kwa kiganja. Akasoma jina la binti yake na ile sita iliyozungushiwa wino mwekundu.

Akamuuliza kwa upole. Anjelika akanyamaza. Akamuuliza kwa ukali, akanyamaza. Akachuma fimbo ya mpera akamchapa miguuni, na mtoto akasimama vilevile, machozi yanashuka bila sauti, mpaka Mama mwenyewe akaitupa fimbo na kukaa chini. Wiki iliyofuata akamtafutia kijana wa kidato cha nne amfundishe jioni. Baada ya siku tatu kijana akasema huyu anaelewa kila kitu kwa mdomo, ila haandiki. Mama akampeleka kanisani akaombewa. Akamnunulia daftari jipya. Mwishowe akafungua kitabu cha Hisabati yeye mwenyewe, akidhani labda atakumbuka kitu cha kumsaidia mwanawe, na herufi na namba zikamtazama kama wageni wasiosalimia. Akakifunga. Alikaa na kile kitabu mapajani, akikohoa, na Anjelika aliyekuwa akichambua maharage pembeni akainamisha kichwa kila kikohozi kilipotoka.

Wawili wale walikuwa wanazama kwenye dimbwi moja, kila mmoja akidhani yuko peke yake.

Siku iliyofuata Mama Anjelika akaacha magunia ya watu, akavaa barakoa, akaenda shuleni. Alimwambia Mwalimu Hironimus kwamba karatasi ilifichwa, kwamba yeye hakusafiri popote, na kwamba ameshindwa. Neno hilo la mwisho alilisema kwa sauti ya chini. Mwalimu, aliyekuwa amejiandaa kumlaumu mzazi, akamsogezea kiti. Akasema atakuja nyumbani Jumamosi.

Jumamosi palikuwa na manyunyu. Mwalimu alifika na baiskeli, amelowa. Anjelika akamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kumtania kwamba leo hakuna ubao, asitetemeke. Mama hakutaka kumkaribisha jikoni, mwalimu ni mgeni wa heshima, lakini jikoni ndiko kulikokuwa na moto. Mwalimu mwenyewe akaomba akaote. Akakaa kwenye kigoda, akanyoosha viganja, na macho yake yakapanda ukutani.

Alisoma ule ukuta kama anavyosahihisha daftari, kutoka juu kwenda chini. Namba za redio. Hesabu za kutoa, zote sahihi. Kisha vijiti.

"Kazi ya nani hii?"

Mama akasema ni ya Anjelika, yeye alimwagiza tu. Akaeleza habari za redio, na kwamba kila kijiti ni mtu aliyesikika anaumwa.

"Na huyu B, wa mwisho?"

Magunzi yalilia kwenye moto. Anjelika alikuwa amesimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano maneno yakamtoka, si kwa mpangilio, yalimwagika tu. Kwamba B ni Bibi. Kwamba Bibi alikataza watu wasihesabiwe. Kwamba yeye alimhesabu na siku ya tisa akafa. Kwamba ubaoni akishika chaki anajua anayefuata ni nani.

"Mama anakohoa," alisema. "Nikiandika namba, nitamhesabu Mama."

Mama yake aliweka mkono mdomoni. Alitazama ukuta alioishi nao miezi mitano, akauona sasa. Mwalimu Hironimus alivua kofia yake iliyolowa, akaiweka gotini.

"Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu," alisema. "Shule zilipofunguliwa, mimi niliogopa kuingia darasani. Watoto sabini, chumba kimoja, na mimi nina pumu. Hofu yangu nikawageuzia nyinyi, nikawa mkali. Kwa hiyo sisi watatu hapa ni wagonjwa wa kitu kimoja."

Kisha akanyoosha kidole kwenye kijiti cha kwanza, akauliza Y ni nani.

"Mzee Yohanes."

"Yuko wapi?"

"Yuko njia panda. Anaziba pancha."

"Ndiye aliyenizibia leo," mwalimu alisema, "na kanidai maneno kuliko pesa. Basi huyo ameshuka. Mtoe."

Anjelika hakusogea. Mwalimu akachovya kitambaa kwenye ndoo, akampa. Mama akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Mtoe, mwanangu." Anjelika akasogea, akafuta kijiti cha Y. Udongo mweupe ukabaki na doa la kijivu.

M ni Mwanahawa. Alikuwa akishona sare za shule, cherehani yake ilisikika mpaka barabarani. Akamfuta. Jordan alipita asubuhi hiyohiyo amebeba watu wawili na mbuzi. Akamfuta, na Mama akacheka kidogo bila kutaka. Hassani, mama yake Sabra, katekista, watoto wawili wa jirani Alfani, na wengine watatu. Kwa mmoja walikwama, Subira wa nyumba ya kona, aliyehama bila kuaga. Mama akakumbuka kuwa wiki iliyopita alipiga simu kutoka Tunduru kuulizia bei ya mahindi. Akafutwa naye.

"Kumi na tatu, toa kumi na mbili," alisema mwalimu.

"Moja," alijibu Anjelika. Kikabaki kijiti cha B, peke yake katikati ya madoa. Akashika kitambaa, akasita.

"Huyo hatumtoi," alisema mwalimu. "Huyo alikuwa mzee, alikuwa na kifua, na Mungu alimchukua. Hakuitwa na mkaa. Hata hawa kumi na wawili uliwaandika kwa mkaa uleule, na leo wako kazini. Unakumbuka lile basi la Namtumbo? Wanapanda, na wanashuka. Basi lenu lilikuwa linapandisha tu, hakuna aliyekumbuka kushusha."

Mama Anjelika akasimama sasa, akamvuta binti yake, na walikaa hivyo mpaka moto ulipoanza kufifia. Mwalimu akatoka nje kutazama baiskeli isiyokuwa na tatizo lolote. Alipoaga alimwambia Mama kwamba kikohozi hakitibiwi kwa kukisikiliza. Jumatatu aende zahanati, na aende na mtoto, ili mtoto asikie kwa masikio yake.

Walikwenda. Tabibu alimpima, akampa dawa, akasema kifua kimeshambuliwa na vumbi la mahindi na moshi, afunge kitambaa akipukuchua na jikoni atoboe dirisha. Aliyarudia maneno yaleyale kwa Anjelika, polepole, kama anayesema na mtu mzima. Siku hiyo Anjelika alilala bila kusikiliza.

Hisabati haikurudi kama kuku aliyepotea anavyorudi jioni. Ilirudi kwa kuvutwa. Siku nyingine mkono uligoma tena, naye akaufungua na kuufunga mara kadhaa, akaanza upya. Sabra alikaa naye baada ya vipindi. Tomasi alijaribu utani wake tena, na Mwalimu Hironimus akamwita yeye ubaoni, akabaki huko muda wa kumtosha. Miezi miwili haikutosha kurudisha yote yaliyopotea. Matokeo yalipotoka, Anjelika alipata A mbili, B tatu, na Hisabati C. Mwaka uliotangulia kila mtu angesema ni A. Lakini alifaulu, akachaguliwa kwenda sekondari, na Mama aliikunja ile karatasi ya matokeo akaiweka ndani ya Biblia.

Jioni hiyo mama yake Sabra alikuja kupongeza. Akaanza kusimulia ugonjwa mwingine mpya aliousikia, huku watoto wako palepale. Mama Anjelika akamshika mkono.

"Dada, ngoja watoto watoke," alisema. "Mimi nilidhani namfundisha mwanangu kujikinga. Kunawa nilimfundisha, na ni vizuri, aendelee kunawa. Lakini hofu yangu nilimtwisha mtoto, na mtoto hana ngata. Akaibeba kichwa kitupu, kimya, ikamponda. Nilimchapa kwa mzigo niliomtwisha mwenyewe." Kisha akawageukia Anjelika na Sabra waliokuwa wamesimama mlangoni. "Na nyinyi mnisikie. Kitu kikikutisha, usikifiche kwenye gunia la magunzi. Moto hukikuta tu. Kiseme kwa mtu mzima, na wa kwanza akikosa kukusikia, kiseme kwa wa pili."

Mwezi wa kumi na mbili walikwenda Hanga. Walisimama kaburini kwa Bibi, Mama akaomba msamaha kwa kuchelewa, wakang'oa majani. Nyumbani kwa Mjomba Romanus ndugu walikuwa wamejaa uwanjani, wali umeiva, na Mama akamuuliza Anjelika sahani ziletwe ngapi.

Anjelika alisimama kizingitini. Kidole kilitaka kunyooka. Akakikunja ndani ya kiganja chake, akaanza kutaja majina kwa sauti ya chini, akimtazama kila mtu usoni: mjomba, mke wa mjomba, mtoto wa mjomba, Mama.

"Kumi na tisa," alisema.

"Rudia," alisema Mama. "Mtu asije akakosa."

Akarudia. Walikuwa kumi na tisa.